Mbolea Iliyotorokea Bwawani Yaweza Kurudishwa Shambani

Ndugu mkulima, mvua kubwa zikiisha, nenda ukasimame kando ya bwawa lililo chini ya shamba lako ulitazame vizuri. Kama maji yamekuwa ya kijani kama rangi ya kupaka mlango, na upande unakosukumwa na upepo pamekusanyika utando mzito wenye harufu mbaya, basi ujue ya kuwa unatazama pesa zako mwenyewe. Mbolea uliyoinunua dukani na samadi uliyoiacha wazi nje ya zizi zimechukuliwa na maji ya mvua, zikashuka mteremko, na sasa zinalisha ukoga badala ya kulisha mahindi.

Makala haya yataka kukuonyesha jinsi mimea inayoelea juu ya maji iwezavyo kuikamata sehemu ya mbolea hiyo na kuirudisha kwako, ikiwa chakula cha kuku, cha samaki, au cha udongo. Pia yataka kukuonya, maana mmea huohuo ukitunzwa vibaya waweza kuliharibu bwawa kuliko ulivyolikuta.

HASARA NI MBILI

Hasara ya kwanza ni ya mfuko. Gunia moja la mbolea ya DAP la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni, pamoja na fosforasi ambayo ndiyo hasa inayokufanya uinunue wakati wa kupanda. Ukiinyunyiza juu ya udongo bila kuifukia, halafu mvua kubwa ikanyesha jioni ileile, sehemu yake huondoka na matope. Hakuna atakayekurudishia shilingi hata moja.

Hasara ya pili ni ya maji. Naitrojeni na fosforasi hazichagui mmea wa kulisha. Zikifika bwawani hulisha ukoga wa kijani, ambao huongezeka upesi mno. Ukoga huo ukifa na kuoza, kuoza kwake humaliza hewa iliyomo majini, na samaki huanza kuelea wakiwa wamekufa. Tena, baadhi ya ukoga una sumu. Mwaka wa 1878 mtaalamu mmoja aitwaye George Francis aliandika habari za kondoo, farasi, nguruwe na mbwa waliokufa upesi baada ya kunywa maji yenye utando wa kijani katika ziwa Alexandrina, Australia. Na mwaka wa 2020 Serikali ya Botswana ilitangaza kwamba ndovu zaidi ya 300 waliokufa huko waliuawa na sumu ya viumbe vya namna hiyo katika mabwawa waliyokunywa. Kama ndovu aweza kuanguka, usimwamini ng'ombe wako wa gredi kwa maji ya namna hiyo.

Katika skimu zetu jambo hili ni zito zaidi. Mabwawa mengi yalichimbwa wakati mashamba haya yalipokuwa ya walowezi, kabla hayajagawanywa kuanzia miaka ya 1960. Wakati huo bwawa moja lilikuwa na mwenyewe mmoja. Leo bwawa hilohilo lanywesha mifugo ya boma nyingi, na kila shamba lililo juu yake lateremshia uchafu wake humo. Bwawa la wote likiharibika, hakuna aliye salama kwa kusema, "Mimi zizi langu ni safi."

MMEA UNAOELEA HUFANYA KAZI GANI?

Mmea wa shambani hutafuta chakula chake udongoni. Mmea unaoelea hauna udongo. Mizizi yake yaning'inia majini, na chakula chake chote cha naitrojeni na fosforasi hukivuta kutoka katika maji hayo. Kwa hiyo, maji yakiwa na mbolea nyingi, mmea hukua kwa haraka sana. Zaidi ya hayo, majani yake hufunika maji yasipate jua, na ukoga bila jua hauwezi kustawi.

Lakini shika neno moja, maana ndilo shina la habari hii yote: mmea husafisha maji siku ile unapoutoa majini. Ukiuacha hata ukafa na kuzama, mbolea yote iliyokuwa ndani yake hurudi majini kama ilivyokuwa. Ni kama kibarua aliyekusanya mahindi shambani akayarundika palepale mvuani. Kazi imefanyika, lakini ghala ni tupu. Asiyekuwa tayari kuvuna, afadhali asipande.

GUGU MAJI: FUNZO LA ZIWA VICTORIA

Mmea unaoelea ujulikanao kuliko yote hapa Kenya ni gugu maji, lile lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Victoria karibu na mwaka wa 1990, na kufika mwaka wa 1998 lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 za ghuba ya Winam. Mashua za wavuvi hazikuweza kutoka, meli zilizuiliwa katika bandari ya Kisumu, na wenyeji wa ufuoni walikosa mahali pa kuteka maji. Kuanzia mwaka wa 1997 wataalamu walilifungulia fukusi wadogo wanaolila, nalo likapungua sana, lakini halikwisha.

Kwa nini lilistawi hivyo? Sababu moja ni kwamba lilikuta chakula. Mto Nyando na Mto Nzoia hupita katika nchi ya mashamba, zikiwamo skimu zetu za Muhoroni na Lugari, na huteremsha udongo na mbolea mpaka ziwani. Miji nayo huongeza maji machafu yake. Yaani gugu lile lilikula, pamoja na mengine, jasho la mkulima.

Basi usilete gugu maji katika bwawa lako hata kwa mzaha, wala usidanganywe na uzuri wa maua yake. Mbegu zake hukaa katika matope miaka mingi zikingojea nafasi. Vilevile jiepushe na salvinia, ule mmea wenye majani yenye vinyweleo uliolisumbua Ziwa Naivasha. Na usichukue azola kutoka nchi za ng'ambo: aina moja ya azola kutoka Amerika ilifunika mabwawa mengi ya wakulima wa Afrika Kusini mpaka walipotafutiwa mdudu wa kuila mwaka wa 1997.

WENZETU WA BANGLADESH

Nchi iliyokwenda mbali katika kilimo cha mimea inayoelea ni Bangladesh, ambako mito hufurika na kuyafunika mashamba kwa miezi kadhaa kila mwaka. Katika wilaya za kusini, kama Gopalganj, Pirojpur na Barisal, wakulima hukusanya gugu maji lililokwisha kuwavamia, wakalipanga tabaka juu ya tabaka hata likawa tuta refu linaloelea. Tabaka la juu likioza hupanda humo bamia, maboga, mchicha, manjano na miche ya mboga. Maji yakipungua, tuta hukalia nchi kavu, nao hulivunja na kulitandaza shambani kama mboji. Mwaka wa 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuandikisha ukulima huo miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Tazama hekima yao. Hawakulileta gugu ili wapate bustani. Walikuwa nalo tayari, wakaligeuza kuwa udongo. Wewe unayekaa pwani ya ziwa, ambako gugu limekwisha kufika, waweza kulichanganya na mabua makavu ya mahindi na samadi ukapata mboji. Wewe usiyekuwa nalo, mshukuru Mungu na uendelee kutokuwa nalo.

Katika nchi hiyohiyo, mahali paitwapo Mirzapur, kulianzishwa karibu na mwaka wa 1990 kazi nyingine. Maji machafu ya hospitali ya Kumudini yalipitishwa katika mfereji mrefu uliofunikwa na mmea mdogo mno uitwao lemna. Lemna ilivunwa kila siku ikalishwa samaki katika madimbwi ya jirani, na madimbwi hayo yalitoa zaidi ya tani 10 za samaki kwa hekta kwa mwaka, na maji yaliyotoka mwisho wa mfereji yalikuwa safi zaidi kuliko yalivyoingia.

Lakini si kila bustani ya majini ni njema. Katika ziwa Inle, nchini Myanmar, watu hupanda nyanya nyingi juu ya matuta yanayoelea, na kwa kuwa wengi hutumia mbolea ya dukani na dawa za wadudu, ziwa lenyewe limechafuka. Kuelea kwa shamba hakulifanyi kuwa safi. Mkono wa mkulima ndio unaoamua.

LEMNA: MFANYAKAZI MDOGO WA KUFAA SKIMU

Lemna pengine umekwisha kuiona. Ni vijani vidogo vya kijani, kila kimoja kidogo kuliko punje ya dengu, vinavyofunika maji yaliyotulia, na bata huvila kwa furaha. Yapatikana hapa kwetu, kwa hiyo huna haja ya kuleta mmea mgeni. Mahali penye joto na chakula cha kutosha yaweza kuongezeka mara mbili kwa siku mbili au tatu. Katika nchi ya baridi kama Kinangop hukua polepole zaidi.

Usiitie katika bwawa kubwa. Ikifunika bwawa zima, samaki hukosa hewa, na kuivuna yote ni kazi isiyowezekana. Ichimbie mfereji wake, kati ya zizi na bwawa, ili ikamate maji machafu kabla hayajafika. Fanya hivi:

1. Chagua mahali chini ya zizi lakini juu ya bwawa, pasipopita mkondo wa maji ya mvua. Maji ya mkondo yataifagia lemna yote.

2. Chimba kwanza shimo dogo la kutulizia, ili matope na mavi mazito yabaki humo, na maji tu yaende mbele. Yale mazito uyatie katika lundo la mboji.

3. Mbele yake chimba mfereji wa mita 10 kwa mita 2, na maji yawe na kina cha futi moja na nusu. Ukandike kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au utandike karatasi ya plastiki ya bwawa.

4. Gawa uso wa maji kwa mianzi au fito zinazoelea, ili upepo usiisukumie lemna yote pembeni.

5. Tafuta lemna katika maji yaliyotulia ya jirani. Ioshe na uichambue kwa makini, usije ukabeba gugu maji au salvinia. Mwaga ya kutosha kufunika zaidi ya nusu ya uso wa maji, maana ukiacha nafasi kubwa ukoga utaitangulia.

6. Zungushia ua wa miiba au waya. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya futi moja.

Mmea wenyewe utakuambia hali yake. Mizizi ikiwa mirefu na vijani vikigeuka manjano, una njaa. Ongeza maji ya zizi. Ukianza kufa na maji yakinuka, chakula ni kikali mno. Ongeza maji safi. Ukiwa wa kijani kilichokolea na mizizi mifupi, umeshiba.

Kila siku ya pili, pitisha kitambaa au wavu mwembamba uvune robo ya uso wa maji, na kuacha robo tatu. Usivune yote, maana itakosa mbegu, wala usiache wiki mbili bila kuvuna, maana itajazana, ife chini kwa chini, na kuurudisha uchafu ulikotoka.

TUFANYE HESABU

Yafaa tuseme kweli hapa, maana wako wauzaji wa miujiza watakaokuambia kwamba mmea huu utakuondolea gharama zote za chakula cha ng'ombe.

Lemna mbichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Kilo 10 mbichi zikikauka hubaki karibu nusu kilo au zaidi kidogo. Iliyolishwa vizuri huwa na protini ya karibu asilimia 30 ikikauka, kwa hiyo kilo 10 mbichi zina kiasi cha gramu 180 za protini. Kilo moja ya chakula cha ng'ombe wa maziwa chenye protini ya asilimia 16 ina gramu 160. Yaani, kwa protini peke yake, kilo 10 za lemna mbichi ni sawa na kilo moja na kidogo ya chakula cha dukani.

Mfereji wetu wa mita 10 kwa mita 2 utakupa kiasi cha kilo moja mpaka mbili mbichi kwa siku ukitunzwa vizuri. Hizo hazimtoshi ng'ombe, lakini ni nyongeza njema kwa kuku wachache, bata, au perege katika kidimbwi. Ukiikausha, waweza kuchanganya sehemu moja ya lemna na sehemu tisa za chakula cha kuku. Anza kwa kidogo, uangalie mayai.

Na mbolea je? Kwa mwaka mzima mfereji huo utakamata kiasi cha kilo moja na nusu ya naitrojeni. Hiyo ni kama sehemu ya sita ya ile iliyomo katika gunia moja la DAP. Mkulima mwenye akili akiona hesabu hiyo atajua mambo mawili. La kwanza, hicho si kitu cha kutupa: naitrojeni hiyo ingekuwa sumu ya bwawa, nawe umeigeuza kuwa mayai. La pili, kuzuia mbolea isitoroke ni bora mara nyingi kuliko kuifukuza ikishatoroka. Fukia mbolea unapopanda. Ezeka paa juu ya lundo la samadi. Panda majani ya matandu kwenye matuta yanayokinga mteremko, na acha ukanda wa nyasi usiolimwa kuzunguka bwawa. Mfereji wa lemna ni mlinzi wa mwisho langoni; usimfanye awe mlinzi wa peke yake.

MAONYO MANNE

Kwanza, usivune mmea wowote wa majini kwa chakula kutoka mto au mfereji unaopokea maji ya kiwanda au ya mji. Mimea hii huvuta risasi na sumu nyingine za madini kama inavyovuta mbolea, na sumu hizo zitaingia katika yai na nyama. Mimea ya maji kama hayo isiliwe na mnyama wala mtu, wala isitiwe shambani.

Pili, usiunganishe choo cha watu na mfereji wako. Kazi ya Mirzapur ilisimamiwa na wataalamu. Kwako nyumbani mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara vitarudi mezani.

Tatu, majani yaliyokua katika maji wanamokanyaga ng'ombe na kondoo yaweza kubeba watoto wachanga wa minyoo ya ini waliokwisha kujifunga juu yake. Zuia mifugo isiingie katika mfereji, na kama unataka kuwapa ng'ombe au kondoo lemna, ianike kwanza juani mpaka ikauke kabisa.

Nne, bwawa likiwa na utando wa kijani leo, usingoje mfereji ukomae. Watenge mifugo na maji hayo mara moja, uwanyweshe kwa maji ya kisima au ya tangi, na upeleke habari kwa daktari wa mifugo. Kuyachemsha maji hakuondoi sumu hiyo.

KAZI YA WATU WOTE

Mfereji mmoja wa mkulima mmoja utasaidia zizi moja. Bwawa la skimu litapona wakati wenye mashamba yote yaliyo juu yake watakapokubaliana. Kwa hiyo iteni mkutano wa watumiaji wa bwawa. Tembeeni pamoja kulizunguka, mwone ni wapi maji machafu yanapoingia, na mwandike majina ya boma zinazohusika bila kuoneana haya wala kutiana aibu. Palipo pabaya zaidi ndipo pa kuanzia. Pengine zizi moja tu likihamishwa hatua hamsini, nusu ya kazi imekwisha.

Chagueni mtu mmoja wa kujaribu mfereji wa lemna kwa miezi sita, na awe na daftari. Aandike kila siku amevuna kilo ngapi, amelisha nani, na rangi ya maji ilikuwaje. Mali bila daftari huisha bila habari. Miezi sita ikipita, wengine watafuata hesabu yake wala si maneno yake.

Kabla ya kuchimba, mwite Bwana Shamba wa wadi yako aje kuona mahali na kuthibitisha kwamba mmea uliouokota ni lemna kweli. Kumwita ni haki yako, na kuchelewa ni hasara yako, kwa sababu mvua haingojei mtu, na mbolea nayo haikai.